Uzi Juu ya Kompyuta

Ndugu zangu mnaoishi ukuta kwa ukuta na wenzenu, mnaochangia bomba, kamba ya kuanikia nguo na siku hizi hata intaneti, habari hii nawaletea ninyi. Wengine mnaijua nusu. Mlisikia tu kwamba Profesa amemfukuza shemeji yake kwa sababu ya kompyuta, mkacheka, mkaendelea na shughuli zenu. Naomba mnivumilie niwape na nusu iliyobaki.

Nianze na siku ambayo nyumba ile ilikuwa bado na amani.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kivuli cha ukuta kimeshafika katikati ya ua. Mama Kidoti, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, alikuwa amekaa mlangoni kwake na cherehani, anapindia sketi za bluu. Karibu naye mdogo wake wa kike alikuwa anamsuka Kidoti. Huyo mdogo mtu tulimwita Nesi, ingawa alikuwa bado chuoni, mwaka wa mwisho. Kidoti ni mtoto wa pekee wa Mama Kidoti na mumewe, na jina hilo alipewa kwa sababu ya alama nyeusi iliyo chini ya jicho lake.

"Mamdogo, unaniua!" Kidoti alilia kila nywele zilipovutwa.

"Kufa tu. Nitakuzika na kitana chako," Nesi alimjibu, na mtoto akacheka huku machozi yanamtoka.

Baba Kidoti alitoka ndani na kompyuta ya mapajani, akaketi kwenye benchi. Huyu ndiye Profesa. Jina hilo tulimpa sisi majirani, kwa utani, tangu alipoanza kutembea na kompyuta kwapani. Kazi yake ni mtunza stoo wa dawa hospitalini. Mkuu wao alikuwa amewatangazia kwamba kitaanzishwa kitengo kipya cha kutengeneza ripoti za stoo kwa programu, na mfanyakazi atakayejifunza kuandika programu hizo ndiye atakayekiongoza. Profesa alijiandikisha masomo ya mtandaoni, akamwambia kila mtu, hadi muuza mkaa.

"Leo mtaona mambo," alisema. "Jana niliingiza kifurushi changu cha kwanza."

"Kifurushi cha nini tena?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

"Lugha ya kompyuta inakuja na vitu vichache. Vingine unaviagiza mtandaoni, vinakuja vimefungwa pamoja, unaviingiza kwenye mashine yako. Kama wewe unavyoagiza zipu na vifungo."

"Basi ukiagiza tena, niagizie na zipu. Zimeniishia."

Tulicheka sote. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza changu hatua chache kutoka kwao, nachambua mchele, na nakumbuka jinsi kicheko kile kilivyokuwa chepesi.

Profesa akafungua zoezi lake, akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso ukamkunjamana.

"Hakipo," alisema.

"Nini hakipo?"

"Kifurushi. Jana niliandika amri kwenye dirisha jeusi linalofunguka kwenye skrini, maandishi yakatiririka, mwisho ikaandika kwamba imefanikiwa. Niliona kwa macho yangu. Leo zoezi linaniambia kwa herufi nyekundu kwamba kifurushi hicho hakipo." Akatutazama. "Nani ametumia kompyuta hii tangu jana?"

Cherehani ilisimama. Sote tulijua jibu.

"Mimi, shemeji," Nesi alisema. "Asubuhi, nilienda nayo kliniki kama kawaida."

Kompyuta ilikuwa ya nyumba nzima, na Nesi aliruhusiwa kwenda nayo kliniki ya akina mama na watoto, iliyo hospitali ileile anakofanya kazi shemeji yake. Alikuwa na utafiti wa kumalizia chuo: kuwauliza akina mama kwa nini wengine huacha kuleta watoto kwenye chanjo. Majibu yao aliyaandika moja kwa moja kwenye kompyuta, katika programu kubwa ya takwimu aliyowekewa na mwalimu wake.

"Ulifuta kitu?"

"Sikufuta chochote. Nilifungua kazi yangu, nikafunga."

"Sawa," Profesa alisema. Ile "sawa" haikuwa sawa hata kidogo. Alimtazama Nesi kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika, kisha akabeba kompyuta, akaingia ndani na kufunga mlango. Kidoti alibaki kichwa nusu kimesukwa, nusu wazi, anauliza kama baba amekasirika.

Hivyo ndivyo ilivyoingia. Shuku haibishi hodi, ndugu zangu.

Siku zilizofuata alikiingiza kile kifurushi tena na tena. Kila mara dirisha jeusi lilimpa maandishi ya kuridhisha, na kila mara zoezi lilimwambia hakipo. Angeweza kumwandikia mwalimu wa yale masomo, nafasi ya maswali ilikuwepo. Lakini wanafunzi wenzake wote wangesoma swali lake, na mtu aliyekwisha kuitwa Profesa anaulizaje swali la siku ya kwanza? Akaona ni heri amtafute mwizi.

Sababu nayo aliipata upesi. Mwenzake wa stoo, kijana mrefu waliyemwita Twiga, naye alikuwa anajifunza programu kwa ajili ya nafasi ileile. Siku moja Profesa alipita kliniki akamwona Twiga ameegemea meza ya Nesi, wote wawili wanacheka. Alirudi nyumbani ameshaamua kwamba wawili hao wanamhujumu.

"Mlikuwa mnacheka nini na Twiga?" alimuuliza Nesi mlangoni, kabla hajavua viatu.

"Twiga? Aliniuliza saa ya kufunga kliniki. Mke wake ana mtoto wa chanjo. Akasema mtoto amerithi shingo yake, wanakosa nguo za kumvisha."

"Hilo ndilo la kucheka?"

"Kwangu lilichekesha, shemeji."

"Na kompyuta yangu ilikuwa mezani."

"Ilikuwa mbele yangu. Naitumia."

Jioni ile Profesa alibadilisha neno la siri la kompyuta, akamwambia Nesi kwamba kuanzia hapo akiitaka amwombe, afunguliwe na yeye mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo nisingeliamini kama Mama Kidoti asingenionyesha. Alichukua uzi wa bluu kwenye kikopo cha mkewe, akaupitisha juu ya kompyuta iliyofungwa, akaubandika ncha zote mbili kwa tone la gundi. Mtu akifungua, uzi unakatika.

"Tumefika huku," Mama Kidoti aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba uzi una masikio. "Naishi na mlinzi, jirani yangu. Hata nikifuta vumbi pale juu napunguza pumzi."

Uzi ulikaa usiku kucha, haukukatika. Asubuhi Profesa aliukata mwenyewe, akafungua, akaendesha zoezi. Kifurushi hakipo.

Hapa, msomaji wangu, mtu mwingine angesema: basi Nesi hana kosa, tatizo liko kwingine. Uzi mzima ulikuwa shahidi wa yule binti. Lakini mtu aliyekwisha kuamua hatafuti ukweli, anatafuta mtu wa pili. Profesa alifikiri hivi: uzi ni wa nani? Ni wa mke wangu. Nani anaweza kuukata akabandika mwingine unaofanana? Mke wangu. Na Nesi ni ndugu wa nani?

Kuanzia siku hiyo akaanza kununua uzi wake mwenyewe, wa rangi ambayo mkewe hakuwa nayo, na kuuficha mfukoni mwa koti.

Mimi pia sikupona. Alikuja kibarazani kwangu, akasimama bila kukaa.

"Dada, samahani. Chuoni wewe hukusoma mambo ya kompyuta?"

"Nilisoma maendeleo ya jamii, kaka."

"Lakini intaneti tunachangia."

"Ndiyo. Kifaa kiko kwenu, mimi nachangia vocha."

"Mtu aliye kwenye intaneti moja na mwenzake, anaweza kuingia kwenye kompyuta ya huyo mwenzake akatoa vitu?"

"Sijui, kaka."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Mimi nikitazamwa hivyo huonekana mwenye hatia hata kwa kosa la mbu. Kesho yake simu yangu iligoma kuingia mtandaoni. Alikuwa amebadilisha neno la siri na huko.

Nesi ndiye peke yake aliyejaribu kulitazama tatizo lenyewe. Jumapili moja mchana alimkuta shemeji yake ameinamia kompyuta pale kwenye benchi, dirisha jeusi limejaa maandishi. Akasogea na kikombe cha chai, akamwekea, akasoma juu ya bega lake.

"Shemeji, hapa imeandika kwamba kifurushi tayari kipo," alisema kwa upole. "Kama mtu angekifuta, ingesemaje kwamba kipo? Na hapo mbele imeandika mahali kilipo. Labda kiko mahali ambapo zoezi lako haliangalii."

Profesa aligeuka taratibu.

"Kumbe unazijua hizi habari."

"Sizijui. Nimesoma tu kilichoandikwa."

"Miezi yote unaniambia wewe kompyuta unajua kuiwasha na kuizima. Leo unanifundisha kifurushi kiko wapi?"

"Baba Kidoti, anakusaidia," mkewe alisema.

"Wewe nyamaza! Nimekuuliza? Huyu anajua kilipo kwa sababu ndiye anayekihamisha."

Nesi alichukua kile kikombe cha chai, akarudi nacho ndani. Msaada wake ulikuwa umegeuzwa ushahidi. Mwambieni mtu wa namna hiyo neno lolote, atalitia kwenye mfuko wake wa shuku, na mfuko ule haujai.

Maneno yale, hata hivyo, yalimfanya Profesa apekue kompyuta folda kwa folda. Ndipo alipoikuta moja kubwa asiyoifahamu, imejaa maelfu ya faili zenye majina mageni. Aliponitazama kupitia dirisha la chumba chao lililokuwa wazi, alikuwa na sura ya mtu aliyemfumania jambazi chini ya kitanda.

"Mama Kidoti! Njoo uone mtambo wa mdogo wako!"

Mama Kidoti aliingia mbio, mwiko mkononi. Nesi alikuwa amekwenda dukani kununua sabuni.

"Faili zote hizi mimi sikuziweka. Ndizo zinazokula vifurushi vyangu."

"Si ile programu ya chuo chake? Msubiri arudi umuulize."

"Nimsubiri aje adanganye?"

Na hapohapo akaifuta folda yote. Kisha, ili pasiwe na njia ya kuirudisha, akaingia kwenye pipa la taka la kompyuta, akalimwaga na lenyewe.

Akafungua lile dirisha jeusi, akaagiza kifurushi upya. Maandishi yakatiririka. Akaendesha zoezi.

Likafanya kazi.

Alitoka uani mikono juu kama mfungaji wa bao. "Mmeona! Mmeona sasa! Nimefuta uchafu wake, kila kitu kimetengemaa! Nilisema mimi, mkaniona kichaa!"

Nawaambia ukweli, hata mimi niliyempenda Nesi nilihisi moyo unayumba. Zoezi lililokuwa limegoma wiki zote zile lilikuwa linatembea mbele ya macho yetu. Ushahidi gani tena?

Nesi aliingia getini na sabuni mkononi, akakuta watu wamesimama. Shemeji yake alimweleza alichofanya, kwa fahari. Binti alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Majibu ya akina mama yalikuwa humo," alisema.

"Majibu gani?"

"Utafiti wangu. Programu ilikuwa inahifadhi humohumo kwenye folda yake. Flashi yangu ina nakala ya mwanzo tu, ya wakati nilipokuwa bado sijawauliza hata robo yao. Shemeji, wale akina mama nitawapata wapi tena?"

"Usinichezee akili. Ungekuwa na utafiti, ungeutunza. Fungasha vitu vyako."

"Baba Kidoti!"

"Na wewe ukitaka kumfuata, mlango ni huo."

Nesi alifungasha. Alikuwa na begi moja na ndoo. Kidoti alimshika sketi hadi getini, anamuuliza ni nani atakayemalizia nywele zake wiki ijayo. Nesi alimpapasa kichwa, akaenda kuwaomba wenzake wa chuo nafasi hosteli.

Mama Kidoti hakumfuata. Alifanya jambo lililokuwa na kishindo zaidi, kwa kimya chake. Alibeba cherehani kutoka mlangoni kwa mumewe, akaileta kibarazani kwangu.

"Nitashonea hapa, kama hutojali," alisema.

"Kuna nini kule?"

"Kule nikipiga pedali, mtu anaweza kuuliza ninatuma ujumbe kwa nani."

Basi ikawa hivyo. Mumewe alipewa chakula, alifuliwa nguo, aliitikiwa salamu. Zaidi ya hapo, hakuna. Kwenye benchi aliketi yeye na kompyuta yake inayofanya kazi, anasonga mbele na masomo, na hakuna aliyemuuliza leo kuna mambo gani.

Yaliyotokea baadaye tuliyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe. Alirudi mchana mmoja kabla ya saa za kazi kwisha, akaja hadi kibarazani kwangu mkewe alipokuwa anashona, akakaa juu ya ngazi kama mtu aliyetoka kupigwa. Akasimulia.

Kazini walikuwa wamempa kompyuta ya stoo ili aanze kujaribu programu zake. Akaweka lugha ile, akaagiza kifurushi kwenye dirisha jeusi, akaambiwa imefanikiwa. Akaendesha programu yake.

Kifurushi hakipo.

"Kitu cha kwanza nilichofanya," alisema, "ni kugeuka kumtafuta Twiga. Nikakumbuka yuko likizo. Chumba chenyewe ufunguo ninao mimi. Nesi hajawahi hata kukanyaga kizingiti chake. Nilikaa pale natazama herufi zilezile nyekundu, na hapakuwa na mtu wa kumtazama ila mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo yale, aliuliza. Alimwita mama anayesimamia kompyuta za hospitali. Yule mama alisoma kidogo tu, akacheka, si kwa dharau.

"Umeingiza wapi?" alimuuliza.

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta hii ina lugha hiyo mara mbili. Moja ilikuja zamani ndani ya programu ya stoo, nyingine umeiweka wewe wiki hii. Dirisha jeusi linapeleka vifurushi kwa ile ya zamani. Programu yako inaendeshwa na hii mpya, na hii mpya haina kitu. Tazama, hapa imekuandikia mahali ilipokiweka. Hukusoma?"

"Nilisoma ile nyekundu."

"Wewe si mtu wa stoo? Sasa, fikiria tuna stoo ya zamani na stoo mpya, zinafanana milango. Umeshusha dawa kwenye ya zamani. Halafu unaingia ile mpya, unakuta rafu tupu, unapiga kelele umeibiwa. Kila anayeanza hupita hapa. Mimi nililia siku nzima."

Profesa alisema alimuuliza swali ambalo alikuwa anajua jibu lake kabla halijatoka.

"Na kama mtu akiifuta moja?"

"Hapo vitakwenda kwenye iliyobaki, na programu itakubali. Lakini si njia ya kutibu hiyo. Na kama kuna kazi za mtu mle ndani, umezizika."

Mama Kidoti alikuwa ameacha kupiga pedali. Sindano ilikuwa imesimama juu ya kitambaa.

"Ile programu ya mwalimu wake ndiyo iliyokuwa imekuja na lugha ya pili," alisema Profesa. "Siku ile aliponiambia nisome mahali kilipo, alikuwa ananipa jibu. Alikuja na chai mkononi, akanipa jibu."

"Mimi usiniambie," mkewe alisema. "Nenda ukamwambie yeye."

"Twende wote."

"Tutakwenda wote. Lakini utasema wewe, na mimi nitasikiliza kila neno."

Waliniomba nikae na Kidoti, lakini Kidoti alikataa kubaki, na mwisho tukaenda sote. Nesi alitupokea nje ya hosteli, kwenye kamba za kuanikia, ana shuka begani. Alikuwa amekonda. Profesa aliyasema yote, pamoja na habari ya stoo mbili, bila kujipunguzia. Nampa haki yake: hakulaumu kompyuta.

"Nilikuwa nimeshafikiri ni kitu cha namna hiyo," Nesi alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, shemeji."

Profesa aliinamisha kichwa. "Utafiti wako?"

"Naanza upya. Chuo kimeniahirishia kuhitimu kwa mwaka mmoja. Wenzangu wanahitimu, mimi narudi kliniki na karatasi. Baadhi ya wale akina mama wamehama. Kuna mmoja aliyenieleza kwa nini aliacha kuleta mtoto wake, kwa saa nzima, analia, na akaniambia hawezi kuyarudia tena. Hayo yake ndiyo hayapo popote."

"Nimekukosea. Nisamehe. Rudi nyumbani, kompyuta nakuachia iwe yako kabisa."

Nesi alikunja shuka lake taratibu, ncha kwa ncha, kabla hajajibu.

"Nimekusamehe, shemeji. Kweli kabisa. Ila sirudi."

"Kama umenisamehe, kwa nini?"

"Kwa sababu hata kijiko kikipotea pale nyumbani, nitageuka nione kama unanitazama. Na wewe utajizuia usinitazame, na mimi nitakuona unavyojizuia. Hatutakula chakula kikashuka."

Kisha akamketisha Kidoti juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumfumua nywele. Kwa muda huo mfupi, akina dada wawili na mtoto walikuwa kama siku ile uani. Profesa alisimama mbali kidogo, hakujua aweke wapi mikono yake.

Kile kitengo alipewa. Meza yake mpya ina kiti cha kuzunguka, na programu zake zinafanya kazi vizuri. Twiga alimpongeza kwa moyo mweupe, akamwonyesha na picha ya yule mtoto wake mwenye shingo ndefu. Cherehani ya Mama Kidoti imerudi mlangoni kwao, taratibu, nusu siku kwao na nusu siku kwangu. Na neno la siri la intaneti nimepewa tena, limeandikwa kwa mkono wa Profesa, pamoja na samahani.

Nilidhani habari imeishia hapo, hadi juzi. Profesa alitoka kazini akamkuta Kidoti uani, amepiga magoti kando ya sanduku lake dogo la madaftari, ulimi nje, anafanya kazi ya makini. Alikuwa anapitisha uzi wa bluu juu ya kifuniko, anaubandika kwa gundi ya shule.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka nijue nani anagusa penseli zangu."

"Kwani kuna aliyezigusa?"

"Bado," mtoto alisema. "Lakini Mamdogo anakuja Jumapili."

Profesa alichuchumaa kando yake. Nilimwona ananyosha kidole kuuondoa ule uzi, akakirudisha, kama anayeogopa kwamba ukikatika mtoto atajua ni nani aliyeukata.

FUNZO

Ndugu zangu, wengi wetu tunajifunza vitu vipya ukubwani, na kuchanganyikiwa ni sehemu ya kujifunza. Kitu kikikataa, soma ujumbe wote uliopewa, si ule mstari unaotisha peke yake. Ukishindwa, uliza wanaojua, hata kama umekwisha kupewa jina kubwa. Aibu ya swali inapita siku ileile.

Usimtafute mwizi kabla hujahakikisha kwamba umeibiwa. Na ukimshuku mtu, kisha ukaona dalili kwamba hana kosa, ipokee dalili hiyo, usiende kutafuta wa pili na wa tatu. Hata jambo likitengemaa baada ya kumfukuza mtu, usidhani hiyo ni hukumu juu yake. Huenda umefuta kitu usichokijua, na kitu hicho kilikuwa maisha ya mwenzako.

Kompyuta ya Profesa ilitengenezeka kwa maelezo ya dakika chache. Majibu ya yule mama wa kliniki aliyelia hayapo popote. Na watoto wetu wanatutazama tunavyofunga na tunavyofungua, tena wana gundi.